Pembe ya Kushoto ya Pikapu

Jua lilikuwa linazama tulipoingiza pikapu yetu kwenye gereji ya Iddi, pale Majengo. Mafundi wenzake walikuwa wananawa mikono na kubadili mashati ili warudi makwao. Tulikuja kuchagua springi, shokapu na tairi. Shughuli ya kawaida tu. Wengi wanaopeleka magari mashambani huyainua kabla mvua hazijashika.

Sisi tulikuwa na sababu yetu.

Mvua zilizopita, mume wangu Gaudence alikuwa shambani kwetu, ndani huko Madaba, na binti yetu Noela. Mimi nilibaki mjini, kwa kuwa nafundisha darasa la kwanza na shule ilikuwa haijafungwa. Noela akapata homa kali. Kwenye kiti hakuweza kukaa, basi baba yake akamlaza nyuma kwenye bodi, pembe ya kushoto, juu ya godoro, akamfunika kwa turubai. Walipofika bondeni pikapu ikazama. Tumbo la gari likakaa juu ya tope na magurudumu yakazunguka bure. Gaudence alichimba kwa jembe, kisha kwa mikono.

Aliniambia kwamba Noela alikata roho kwenye lango la hospitali.

Kwa ukoo wa mume wangu, aliyefia mbali huletwa nyumbani kwa tawi. Mtu wake wa karibu huenda mahali pale pale roho ilipotoka, akaburuta tawi chini na kumwita kwa jina. Kisha hurudi nalo akimwambia marehemu kila daraja na kila kona, asije akapotea. Sisi ni Wakatoliki na misa ilisomwa, lakini mama mkwe wangu, Bibi Skolastika, alitaka na hili lifanyike. Likafanyika. Tawi liliburutwa kwenye lango la hospitali.

Iddi alitutolea springi za aina mbili. Moja ingeinua gari kidogo na kuliacha likiwa laini. Nyingine ilikuwa na majani mazito ya chuma, na pamoja na shokapu ndefu ingelipandisha juu sana. Kwenye tairi pia kulikuwa na uchaguzi: za njia zote, au za matope zenye meno makubwa. Gaudence alisita. Mimi nilinyoosha kidole kwenye zile ndefu na zile zenye meno.

"Mwalimu," Iddi akacheka, "unataka gari au unataka twiga?"

Nikamwambia nataka gari ambalo tope halitaligusa tumbo.

Alipoingia uvunguni kupima, kicheko kikaisha. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alimuuliza Gaudence huwa anabeba nini pembe ya kushoto ya nyuma, maana springi ya upande ule ilikuwa imelala kabisa, na ya kulia ilikuwa bado nzima. Gaudence alisema habebi kitu. Iddi alimtazama, akafuta mikono, akaenda kuchukua spana.

Pikapu ilitoka imesimama juu hasa. Mimi mwenyewe nilipanda kwa kushika mlango kwa mikono miwili. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Wiki ile Gaudence alikwenda Madaba kuchukua mahindi. Alirudi jioni, bodi tupu. Hakushuka. Nilimkuta ameshika usukani, macho yanatazama mbele kama bado anaendesha.

"Mama Noela," akanong'ona, "hafiki."

Nikamuuliza nani.

"Hafiki kupanda. Gari liko juu mno."

Niliingia nikakaa karibu naye. Akanieleza polepole, kama mtoto anayesoma silabi. Tangu msiba, kila alipopita bondeni, pembe ya kushoto ilikuwa inazama. Kidogo tu... kama kuna mtu mdogo amekaa. Likifika daraja la kuingia mjini, pembe inainuka. Kila safari. Alinyamaza kwa sababu hakutaka kunitonesha, na alikubali springi ngumu ili asimhisi tena.

Leo, bondeni, pembe haikuzama.

Alisikia kucha. Kucha zinakwaruza bati la mlango wa nyuma. Kisha kitu kinaanguka kwenye tope. Kisha kucha tena. Aliondoa gari mbio, na kucha zikamfuata mpaka mlimani.

Hapo ndipo alipolia. Noela hakufia hospitali. Baba yake alikuwa anachimba na kumwongelesha, na Noela alikuwa anaitikia, kisha hakuitika tena. Gaudence aliendelea kuchimba na kuongea. Alishindwa kuniambia kwamba mtoto alikufa kwenye tope, pembeni ya baba aliyeshindwa kulisogeza gari.

Sikumlaumu. Nilimshika mkono tu. Tulikuwa tumemwita mtoto wetu mahali ambapo hakuwa.

Bibi Skolastika hakushangaa sana tulipomweleza. Alikata tawi jingine, akanikabidhi mimi. Alisema niite jina la Noela, nimpe nafasi ya kupanda, nimwambie njia. Nikishaanza kuongea na marehemu, nisiongee na mtu mwingine mpaka nyumbani. Gaudence angeendesha bila neno.

Tulifika bondeni jua likiwa limekwisha kushuka nyuma ya miti. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Hapakuwa na ndege wala chura. Palikuwa na harufu ya turubai lililolowa, ingawa turubai lile tulikuwa tumelichoma.

Nikaburuta tawi pale Gaudence aliponyooshea kidole.

"Noela," nikaita. "Mama amekuja."

Kisha... kwaru. Kwaru.

Nilizunguka nyuma. Hapakuwa na mtu. Kwenye bati kulikuwa na tope bichi, mistari ya vidole vidogo inayoanzia chini na kukatika katikati. Hakuna uliofika juu. Moyo wangu ulivunjika upya. Niliwaza mtoto wangu akiruka na kuanguka, akiruka na kuanguka, kwa sababu ya springi niliyoichagua mimi.

Nikafanya ambalo mama yeyote angefanya. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaushusha, nikaweka ngazi fupi tuliyokuja nayo, nikamwambia apande.

Wenyeji wa njia ile watanielewa. Huko gari ni chache. Pikapu ikisimama na kushusha mlango wa nyuma, haihitaji kuita. Kila anayengoja barabarani anapanda. Ndivyo watu walivyozoea kusafiri tangu magari yaanze kufika huko, na hakuna dereva mwenye utu anayewafukuza.

Mimi sikulifikiria hilo. Nilifikiria mmoja tu.

Pembe ya kushoto ikashuka. Kidogo... Springi ikalia.

Nililia kwa furaha. Nilitaka kuufunga mlango.

Pembe ya kulia ikashuka.

Kisha katikati.

Ngazi ililia tena, na tena. Harufu ya tope ilinijaa puani. Kitu cha baridi kilinipita begani, kwa adabu, kama mtu anayeomba njia. Iddi alisema springi zile zitabeba gunia za mahindi bila kuinama. Ziliinama mpaka tairi zikagusa bodi.

Gaudence alinitazama kupitia kioo. Alikuwa anajua. Hakuruhusiwa kusema, nami sikuruhusiwa kumuuliza. Nilifunga mlango, nikapanda mbele na tawi langu. Tungefanya nini? Mtoto wetu alikuwa humo.

Njia nzima niliongea kama ninavyoongea na watoto darasani. Noela, hapa ni kona. Noela, hili ni daraja, tunavuka, usiogope. Noela, zile ni taa za Msamala, tumekaribia. Nyuma yetu hakuna aliyejibu. Lakini nilisikia wanavyotulia kunisikiliza.

Nyumbani nilifungua mlango wa nyuma. Gari halikuinuka hata kidogo. Hakuna aliyeshuka. Ngazi tulikuwa tumeisahau bondeni.

Gaudence alisimama gizani, akainua mikono yake kama alivyokuwa akimpokea zamani.

"Ruka, mama," akasema. "Baba yupo."

Mikono yake ikashuka ghafla kwa uzito. Akakumbatia hewa kifuani, akayumba, akaanza kutembea kuelekea ndani. Shati lake lilikuwa linalowa. Mlangoni aligeuka.

"Mama Noela... ni mzito. Noela hakuwa mzito hivi."

"Amelowa," nikamwambia.

Tukamlaza kwenye kitanda chake.

Tangu siku hiyo nabadili shuka kila asubuhi, maana kila asubuhi nalikuta limelowa. Jioni nakaa pembeni ya kitanda na kumsomea. Wakati mwingine godoro linabonyea upande wangu, na baridi inaniegemea mkononi. Najiambia nimempata. Mtoto akirudi kutoka mahali kama pale, hawezi kuwa mwepesi kama zamani.

Wale wengine walibaki ndani ya pikapu. Mama mkwe alisema hawakufanya kosa, walipewa lifti, basi warudishwe kwao. Gaudence akaanza kazi hiyo. Kila safari husimama kwenye kila kijiji, hushusha mlango wa nyuma, huweka ngazi nyingine tuliyotafuta, na kutaja jina la kijiji kwa sauti ya chini. Kisha husubiri. Mara nyingine springi inainuka kidogo, anasema ahsante, anaondoka. Watu wanaomwona wanadhani huzuni imempanda kichwani.

Juzi alirudi wakati wa magharibi. Nilitoka kumpokea, nikaona gari limesimama juu, karibu sawa kabisa. Nikamuuliza kama wamekwisha.

"Wameshuka wote," akasema, "isipokuwa mmoja."

Alikuwa ametaja kila kijiji anachokijua mpaka Madaba na kurudi. Huyo hashuki. Hasogei hata gari likiruka mashimo. Ni mwepesi. Amekaa pembe ya kushoto.

Tulisimama pale uani, mimi na mume wangu, mpaka giza likaingia. Nilimuuliza kwa nini hajamwita kwa jina.

Gaudence alitazama dirisha la chumba cha Noela. Ndani, kitanda kililia, kama mtu mzito anayegeuka kusikiliza.

"Naogopa," akaninong'oneza, "ataitika."