Kiwanja Alichopewa na Kaka

Haya niliambiwa na shangazi yangu, mke wa huyo mpima udongo mwenyewe, kwa hiyo msiseme bibi anatunga.

Kaka mtu, fundi wa kujenga nyumba, alimpa mdogo wake, ndiye huyo mpima udongo, kiwanja bure. Akamwambia ardhi ni ngumu kama jiwe, ajenge upesi, ahamie na watoto. Mdogo mtu akashukuru mpaka akalia. Kupima zawadi ya kaka yake aliona ni utovu wa adabu, ila shangazi akamuuliza, mbona vya watu unapima? Basi jioni moja, akitoka kazini, akapitia.

Akachomeka vyuma vinne kwa mstari, akafunga nyaya za mashine ya kazini, akapitisha umeme wa betri. Penye tope umeme hupita vizuri, namba kwenye mashine inakuwa ndogo. Penye ugumu na ukavu unakwama, namba inapanda. Ilipanda. Akacheka peke yake, kaka hakudanganya.

Akatanua vyuma, maana ukivitanua ndipo mashine inaona chini zaidi.

Namba ikapanda... ikapanda... ikapita mwamba wowote aliowahi kupima.

 Kuna kitu kimoja kinachokataa umeme kuliko jiwe.

Utupu.

Chini ya miguu yake palikuwa na shimo, kubwa kama chumba. Ikaja harufu ya udongo mbichi, wa kuchimbwa leo. Halafu ngo... ngo... ngo... kutoka chini, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Akachomoa betri. Namba haikuzimika.

"Ungehamia tu, mdogo wangu. Ulipima ya nini?"

Kaka yake, nyuma yake, udongo mpaka viwikoni.

"Kaka, kuna nini humo?"

"Wanaonipa kazi. Walitaka wanangu. Nikawaambia mdogo wangu naye anao, watatu."

Alinong'ona kwa upole uleule aliomfundishia kuendesha baiskeli. Mpimaji akatoka mbio, akaacha mashine ya watu palepale.

Asubuhi akarudi na majirani. Wakachimba mpaka jua la utosi: udongo umeshikamana, shimo hakuna. Kaka mtu akaapa jioni ile alikuwa safarini, na mkewe akaapa pia. Labda lilikuwa jini limevaa sura yake. Shangazi alisema mumewe aliomba sana liwe jini.

Lakini kaka alipowakuta wanachimba, hakuuliza wanatafuta nini. Aliuliza tu kama watoto hawajambo, wote watatu.

Haya, zimeni taa mlale. Na wewe wa mwisho, ingiza miguu ndani ya shuka.