Komenti za Mama Kidoti

"Samahani kaka, hivi mtu aliyekufa anaweza kuandika?"

Foleni ya duka la simu ilikuwa imefika mlangoni, mchana wa jua kali, kila mtu na jasho lake. Aliyeuliza alikuwa binti fundi cherehani, ndani ya gauni la njano alilolikata mwenyewe, likamkaa hata wenye haraka wakasahau haraka zao. Aliyeulizwa, kijana mwembamba fundi wa kompyuta, alidhani anataniwa mpaka alipoonyeshwa simu. Kwenye blogu ya binti, chini ya picha ya gauni la harusi, palikuwa na komenti mpya: "Kazi nzuri sana! Bonyeza hapa." Mwandishi: Mama Kidoti. Kidoti ni huyo binti, na mama yake yuko kaburini tangu mwaka jana.

Kijana hakucheka. Alimweleza kwamba hizo ni komenti taka. Mashine huokota jina la mtu aliyewahi kuandika pale, ikalitumia ili uamini na kubonyeza. Binti aliitikia kwa kichwa, ila moyo ulibaki unamdunda. Na tusidanganyane, kuna kipande cha moyo huo kilichotaka kubonyeza.

Mapenzi hayana adabu, huingia hata penye hofu. Kijana akawa anapita kwenye chumba cha ushonaji kila akitoka kazini, anakaa katikati ya vitambaa kama mteja asiyelipa. Akipiga simu, binti humuuliza kama amekula, naye hujibu kwamba anasubiri kualikwa. Wakawa wanaitana "fundi wangu" wote wawili, hadi Mama mdogo, mdogo wake marehemu, anayeuza nyuzi na vifungo mlango wa pili, akawa hajui ni yupi anayeitwa.

Lakini komenti zikazidi. Kila asubuhi Mama Kidoti ameandika tena, rundo zima. Binti akawa anaogopa hata mlio wa simu yake. Mwisho akampa kijana neno la siri, akamsihi amwondolee balaa lile.

Kijana, kwa pupa ya mtu anayetaka kupendwa, akashika njia ya mkato: akafuta kila komenti yenye jina hilo, hata zilizokuwa zimezuiliwa na chujio la blogu. Akapiga simu kwa majivuno.

"Kipenzi, nimesafisha. Hutamwona tena."

Masikini, alisahau alichosema mwenyewe, kwamba jina huokotwa kwa mtu aliyewahi kuandika pale. Yule mama alipolazwa hospitali, alikuwa akisoma blogu kitandani na kuandika chini ya kila nguo ya mwanawe. Binti alifungua blogu, hakukuta hata neno moja la mama.

"Umemzika mama yangu mara ya pili," alisema, akakata simu. Akabadilisha neno la siri, akamfungia namba.

Kuachwa kulimuuma kijana, ila kulikuwa na jambo lililomtisha zaidi. Komenti zilizofutwa hukaa kwenye kapu la taka, na kapu hilo hujimwaga lenyewe kila mwisho wa mwezi. Lingejimwaga kesho yake, na binti hana habari. Alikimbia hadi kwa Mama mdogo, pumzi juujuu. Mama mdogo alimchamba kwanza, akamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, kisha akaenda kumleta binti kwa mkono.

Wakaketi mbele ya kompyuta bila kutazamana. Za mama na za mashine zilikuwa zimechanganyika, na tarehe hazikusaidia: mashine zilianza kuliiba jina hilo mama angali hai, chujio la blogu, programu ya kuzuia taka, likawa linazikamata na kuziweka kando kimyakimya mpaka likazidiwa.

"Tutazijuaje?" kijana aliuliza.

"Mama hakuwahi kunisifu. Inayosifu ni ya mashine. Inayokosoa ndiyo ya mama."

Wakaanza. Pindo limepanda kushoto: rejesha. Mkono umebana, bibi harusi atakulaje? Rejesha. Binti alicheka huku analia. Kisha ikaja hii: "Kidoti, hili sina la kukosoa. Hata ndani umeshona kama nje."

"Hii inasifu," alisema kijana, kidole tayari kufuta.

"Usiguse!"

Gauni hilo binti alilipeleka hospitali. Mama aliligeuza ndani nje pale kitandani, akalitazama sana, asiseme neno. Picha ya blogu ilionyesha nje tu. Hakuna mashine iliyowahi kuona ndani. Chujio liliona sifa tupu, likaificha, binti asiione mpaka leo.

"Nilidhani amekufa hajaridhika na mimi," binti alisema. "Kila siku niliogopa hilo."

Kijana akairejesha taratibu. Akaomba msamaha.

"Mama angekuona, angesema una pupa," binti alimwambia. "Tena umekonda."

"Basi nikosoe wewe, mpaka tuzeeke."

"Unaniposa hapa, kwenye taka?"

"Hapahapa."

Binti aliitazama tena komenti ya mama. "Naogopa."

"Mimi pia."

"Basi lete wazee wako kwa Mama mdogo," alisema, akimshika mkono, "tuogope pamoja."