Veridiana na Ubao Uliokataa Kubebwa Kichwani

Kila siku ya likizo ya Juni, nyumbani kwao Usoke, Veridiana aliamka jogoo wakiwa bado wanabishana. Alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaanza kuhamisha tumbaku iliyokauka kutoka kwenye bani, banda la kukaushia, mpaka kibanda cha kuchambulia. Hakushika mzigo kwa mikono. Aliviringisha kitenge kikuukuu kikawa ngata, akaiweka utosini, mzigo ukakaa juu yake, naye akatembea mikono ikining'inia kama mtu anayekwenda kanisani.

"Sisi Wanyamwezi tulifikisha mizigo Ujiji reli haijazaliwa," Babu yake Eustace alipenda kumwambia. "Kichwa chako hicho kina ukoo."

Veridiana alikuwa na miaka kumi na miwili, Darasa la Sita, na maneno hayo yalimwingia sawasawa. Ukimwambia hawezi, umempa kazi.

Mwaka huo tumbaku iliisha mapema. Baba yake akampandisha treni kwenda Kigoma, akae wiki moja kwa Shangazi Leonia, mpishi wa nyumba ya wageni iliyoko ufukweni, nje kidogo ya Ujiji. Stesheni alipokewa na binamu yake Dismasi, mtoto wa shangazi, aliyemzidi mwaka mmoja na maneno elfu.

"Karibu, mtoto wa tumbaku," alisema Dismasi. "Umekuja kutupigia chafya?"

"Nimekuja kukufundisha kubeba mzigo," alijibu Veridiana. Akaitoa ngata yake mfukoni, akajitwisha gunia la mihogo mwenyewe, akamwacha Dismasi akimfuata mikono mitupu.

Sasa, pale nyumba ya wageni palikuwa na kijana aitwaye Octavian, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wageni kupanda ubao wa kusimamia. Ni ubao mrefu kuliko mlango. Mtu husimama juu yake majini, akapiga kasia refu, akaenda. Wageni walikuwa na mbao zao, na watoto wa ufukweni waliachiwa mmoja, mkongwe, wenye viraka.

Jumatatu asubuhi Octavian aliwakusanya watoto mchangani. Upepo wa kusini ulikuwa umeshaamka, na mawimbi yalikuwa yakivunjika karibu na nchi kavu, mstari mweupe nyuma ya mstari mweupe.

"Mnaliona lile dumu la njano kule nyuma ya mawimbi?" alisema. "Limefungwa jiwe, haliendi popote. Jumamosi kila mmoja atajaribu kutoka, alizunguke, arudi. Atakayeweza ataingia kwenye kundi langu la Desemba. Asiyeweza atangoja mwaka mwingine."

Veridiana alinyoosha mkono. "Na mgeni?"

"Unajua kuogelea?"

"Shangazi alinifundisha likizo iliyopita."

Octavian akamwogelesha palepale, kwenda na kurudi, akaridhika. Kisha akataja masharti yake: jaketi la kuokolea mwilini, kamba ya ubao ifungwe kifundoni mwa mguu, ubao ukae ubavuni mwako, pua yake ikitazama wimbi, na mtu alale kifudifudi mpaka apite povu lote, ndipo asimame.

"Desemba yote hiyo utakuwa kwenye miche ya tumbaku," Dismasi alimnong'oneza. "Waachie ziwa wenye ziwa."

Hapo Veridiana alikwishaamua. Zamu yake ilipofika alitoa ngata, akaiweka utosini, akainua ubao mzima akajitwisha. Watoto wakashangilia, kwa maana hakuna aliyewahi kuuona ukibebwa hivyo. Lakini hakuutua ukingoni. Alijiambia moyoni kwamba mzigo usioutaka ulowe hubebwa kichwani, mtu akavuka mto, akautua ng'ambo. Basi naye angeyavuka mawimbi kwa miguu, autue kwenye maji yaliyotulia.

"Wewe, tua huo ubao," Octavian aliita.

Veridiana aliingia majini. Wimbi la kwanza likampiga magotini. La pili kiunoni. La tatu lilipoinuka, upepo ulipita chini ya ubao ukauinua kama bati la paa, na msichana akaenda chini, ngata upande huu, ubao upande ule.

Alipotoka alikuwa na mchanga mpaka masikioni. Watoto walicheka wakakaa chini.

"Msafara umefika Ujiji," alisema Dismasi.

Veridiana alitema mchanga. "Kesho," alisema.

Kesho ilifika, na kesho kutwa. Jumanne aliupeleka ubao ubavu ukitazama wimbi, ukapinduliwa. Jumatano alisimama mapema, kwa kuwa kulala kifudifudi mbele ya Dismasi alikuona ni aibu, akaanguka mara tano. Kila alipoanguka kamba iliuvuta mguu wake, ikambana kifundo.

"Nimefungwa kama mbuzi," alinung'unika.

Octavian aliitwa na mgeni kule juu kwenye nyumba. Alipogeuka tu, Veridiana akaifungua kamba kifundoni, akaiacha ikining'inia kwenye ubao. "Mimi si mbuzi," alisema, akaingia.

Wimbi lililofuata halikumwuliza yeye ni nani. Lilimpokonya ubao mikononi, likauchukua likiukimbiza kuelekea pwani. Pale ukingoni alikuwa amechuchumaa Siwema, msichana wa miaka saba, mtoto wa jirani, akimsaidia Shangazi Leonia kusugua sufuria. Ubao ulimgonga goti, ukamwangusha ndani ya maji pamoja na sufuria yake.

Octavian alishuka mbio. Alimbeba Siwema, akalitazama goti: limechubuka na kuanza kuvimba, lakini linakunjika. Kisha akamgeukia Veridiana.

"Kamba ilikuwa wapi?"

Watoto wote walikuwa wakimtazama. Dismasi alikuwa mbele kabisa.

"Imefunguka yenyewe," alisema Veridiana.

Octavian akaiokota, akakigeuza kifungo chake mara mbili tatu. "Basi kimechoka, ingawa kwa macho hakionekani kibovu. Siwezi kumtia mtoto majini na kifungo kinachojifungua. Ubao unaingia stoo. Kamba nyingine inaagizwa Dar es Salaam, itakuja mwezi ujao. Jumamosi haipo tena."

Hakuna aliyecheka safari hii. Watoto waliondoka mmoja mmoja, na Dismasi alipiga teke mchanga akaenda zake.

Jioni Veridiana alimkuta Siwema jikoni, mguu juu ya kigoda. Shangazi Leonia alikuwa akimkanda goti kwa maji ya chumvi. Shangazi alipotoka kwenda kutazama ugali uliokuwa motoni uani, Siwema alisema kwa sauti ndogo, "Dada, mimi niliiona kamba. Ulifungua mwenyewe."

Veridiana alikaa kando ya kigoda. "Mbona hukusema?"

"Wewe ni mkubwa. Nikadhani wakubwa wanaruhusiwa."

Veridiana alikula ugali ule kama anayekula mchanga. Aliwaza kwamba akisema, Octavian hatampa tena ubao, na Jumapili atapanda treni akiwa hajaligusa dumu. Asiposema, hakuna atakayeligusa. Na wa kwanza kumwamini mkubwa muongo atakuwa yule mwenye goti lililovimba.

Asubuhi alimfuata Octavian mbele ya stoo, watoto wakiwa wamekaa wakilitazama ziwa kama mali ya wengine.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Kamba haikufunguka. Niliifungua mimi, ukiwa umegeuka. Kifungo ni kizima. Wape wenzangu ubao."

Nyuma yake Dismasi alishusha pumzi. Octavian alikunja mikono kifuani.

"Unaungama huku umenikunjia uso kama mimi ndiye niliyefungua?"

"Uso wangu ndivyo ulivyo," alisema Veridiana. Hakuinamisha kichwa. "Ukitaka kunikataza ubao, nikataze. Wao hawana kosa."

"Nakukataza. Leo na kesho huugusi. Kazi ya Siwema ya sufuria utaifanya wewe, palepale alipogongwa. Na wakati unasugua, macho yako yawe ziwani. Jumamosi asubuhi utaniambia ulichokiona. Ukiniambia upuuzi, hupandi."

Kumbe adhabu ile ilikuwa shule. Veridiana alisugua masizi kwa mchanga na majivu, Siwema amekaa kando akimwonyesha palipobaki peusi, na kwa mara ya kwanza tangu afike aliyatazama mawimbi bila kugombana nayo. Aliona kwamba hayaji ovyo. Makubwa yalifuatana, mara manne, mara saba, kama wapagazi wa msafara wanaokanyagana visigino. Kisha yalikuja madogo, ziwa likapumua. Aliwaona pia wavuvi wakisukuma mtumbwi. Walisimama ubavuni, pua ya mtumbwi ikiwa imelielekea wimbi, wakasubiri. Wanaume wazima wenye mikono kama magogo, na hawakuona haya kusubiri.

Jumamosi alimweleza Octavian hayo yote. Octavian akamrushia jaketi.

Kila mtoto alipewa nafasi mbili. Wawili walishindwa. Dismasi alipita mara ya kwanza, akalizunguka dumu, akarudi kifua mbele. Veridiana alikuwa wa mwisho, na upepo ulikuwa umezidi. Nafasi ya kwanza alikwenda vizuri mpaka wimbi la tatu, akachelewa kuinua kifua, pua ya ubao ikazama, akapinduka. Lakini kamba ilimshika. Aliuvuta ubao, akausikia ule mkazo kifundoni aliouchukia, akashukuru kimoyomoyo.

Kabla ya nafasi ya pili alimwendea Siwema, akanyoosha mguu. "Kagua."

Siwema alivuta kifungo kwa mikono miwili. "Kimekaza, dada."

Akaingia mpaka mapajani, ubao ubavuni, akasimama. Mawimbi makubwa yalipita, moja, mawili, matatu.

"Ingia," watoto waliita.

Hakuingia.

"Mtoto wa tumbaku anaogopa," alisema mmoja. "Ingia, jua linazama."

Saa nne asubuhi jua lizame wapi. Veridiana aliwapa mgongo. Wiki nzima alikuwa amewabishia kwa kwenda; leo aliwabishia kwa kukaa. La nne. La tano lilimrushia povu usoni. La sita. Kisha nyuma ya la sita yakaja madogo.

Aliruka kifudifudi juu ya ubao, akawa anapiga maji kwa mikono miwili, kasia akiwa amelilalia. Povu la kwanza lilipokuja alijiinua kwa mikono, kifua juu, likapita chini yake. La pili lilimsukuma nyuma. Akapiga kwa nguvu zaidi. Mbele wimbi moja kubwa lilikuwa linaanza kuinuka, kijani, halijavunjika bado. Mabega yalimuuma. Alielekeza pua katikati yake na hakupunguza. Ubao ukapanda, ukapanda, ukaning'inia juu ya kilele, ukaanguka upande wa pili kwa kishindo, na kelele zote zikabaki nyuma.

Kule nje maji yalikuwa yanapanda na kushuka tu. Veridiana alipiga magoti, akalishika kasia, akasimama. Ubao uliyumba, kisha shingo yake ikakumbuka kazi yake ya miaka yote, kuweka mwili sawa chini ya mzigo, na mwili ukatulia. Alilizunguka dumu la njano taratibu, akaligonga kwa kasia ili waliobaki pwani wasikie.

Aliporudi, mawimbi yalimwangusha hatua kumi kutoka ukingoni na akamaliza njia akiburutwa na ubao wake mwenyewe. Hakuna aliyejali. Dismasi aliingia majini na nguo zake kumsaidia.

"Desemba uje na jaketi la baridi," alisema. "Kundini tunaanza asubuhi sana."

"Nitakuja," alisema Veridiana. "Miche itanisubiri."

Jumapili, wakifunga dagaa wa kupeleka Usoke, Shangazi Leonia alimwambia, mikono yake ikiendelea kukaza mdomo wa gunia, "Mwanangu, watu watakushauri uache ubishi. Mimi sikushauri. Mtoto asiye na ubishi hata kuku humnyang'anya ugali. Ila angalia unambishia nani. Ulipombishia aliyekupa kamba, aliyeumia ni Siwema. Ulipoubishia uongo wako mwenyewe, mbele za watu, tena ukijua utanyimwa ubao, hapo ndipo ulipolivuka wimbi kubwa. La jana lilikuwa la maji tu. Uwe mbishi wa kushika ukweli na mbishi wa kungoja wakati wako. Ubishi mwingine wote ni kelele."

"Nimesikia, shangazi."

"Haya, treni haisubiri wabishi."

Dismasi alikuwa amekwishaokota ngata. Aliiweka utosini, akajitwisha gunia la dagaa, akapiga hatua tatu, gunia likamteleza mpaka begani. Siwema, goti lake likiwa bado na mchubuko, alicheka hadi akashika ukuta.

"Binamu," alisema Veridiana, akiirudisha ngata katikati ya kichwa cha Dismasi, "simama kwanza. Usikimbilie kwenda. Subiri mzigo utulie."

Dismasi alisimama. Mzigo ukatulia. Wakaondoka.