Tumbo Lisilopumua

"Mama Khisa, mbona hii tumbo haipumui?"

Phelista, jirani wa pale Kibomet, aliuliza hivyo mkono wake ukiwa juu ya tumbo la Chemutai. Asubuhi ilikuwa imeanza vizuri. Kuku waliparuza uani, naye Nakhumicha, ndiye Mama Khisa, mama mkwe wa Chemutai aliyetoka Bumula, alikuwa akiimba pambio huku akikoroga uji. Uchungu wa uzazi wa Chemutai ulikuja, ukaondoka, ukaja tena.

"Huyu mtoto wenu ni mvivu kama babake," Chemutai alikuwa ametania. "Si mumwambie atoke?"

Sasa Chemutai hakutania tena.

Wapendwa, sikieni kilichokuwa ndani ya thamosi ya chai ya Nakhumicha. Tangu Wabwile mumewe afariki, Nakhumicha alikuwa akimwota amesimama mlangoni, viatu mkononi, akiuliza, "Nani amebeba jina langu?" Ibada ya kumkumbuka ilikuwa siku iliyofuata uchungu huu. Nakhumicha akaona lazima mjukuu awe amezaliwa na kupewa jina hilo kabla ya wimbo wa kwanza. Akachemsha mizizi ya kuharakisha uchungu, akaichanganya na chai ya tangawizi, akamnywesha Chemutai. Aliiombea kwanza. Tena aliomba kwa moyo.

Sasa Nakhumicha naye aligusa tumbo la Chemutai. Lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Akangoja lilegee, halikulegea. Ndani, mtoto aligonga. Akagonga tena, polepole, kama mgeni anayeanza kuamini kwamba nyumba haina mtu.

"Amekunywa nini?" Phelista akauliza.

"Chai tu."

"Chai gani hiyo, mama? Ati chai inagandisha mtu?"

Wakamkimbiza Chemutai hospitalini, Phelista akiibeba thamosi ili daktari aione. Muuguzi Jerono akainusa, akatikisa kichwa, akamgeukia Nakhumicha.

"Mama, ile kalsiamu ya mifupa ndiyo pia hukaza misuli ya uzazi. Ikiingia, misuli inakaza. Ikiondoka, inalegea, na hapo ndipo damu humfikia mtoto vizuri. Hii mizizi yako imekaza tu, haijaachilia. Mtoto amekosa hewa."

Chemutai alipasuliwa, akaokolewa. Mtoto alikuwa mvulana, ametimia hadi kucha. Hakulia.

Pale kwenye benchi, jua likiwaka, Nakhumicha alifumba macho, akamwona Wabwile. Safari hii alikuwa amevaa viatu, amebeba kitu kilichofunikwa blanketi. Hakuuliza jina.

FUNZO

Akina mama, Mungu ameupa mwili saa yake ya kukaza na saa yake ya kulegea. Mizizi haina kipimo. Usimpe mjamzito dawa ambayo kliniki haijui, hata kama uliiombea. Tumbo likikaza lisilegee, msikae mkingoja, kimbieni hospitali. Na marehemu hana haraka. Wenye haraka ni sisi.

Siku Chemutai aliporuhusiwa kutoka, Nakhumicha alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mamangu, nisamehe. Nilitaka jina tu."

Chemutai aliichukua ile thamosi dirishani, akaifungua, akainusa. Akaifunga, akaiweka mikononi mwa mama mkwe. Kisha akajitanda leso, akashika ukuta, akatoka.