Mwenye Mkutano Yuko Kwenye Laini

Jumapili ile Zulaikha alipika wali na maharage, akaosha vyombo, akaswali Adhuhuri, kisha akakaa mkekani sebuleni na hasira zimemfika kooni. Binti yake Mutoni alikuwa amekwenda kwa jirani kusukwa nywele. Nje, mji wa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ulikuwa na mambo yake ya kila siku: pikipiki zikipanda kutoka stendi, mafundi wakigonga mabati, mtu akimwita mwuza ndizi. Saa tisa kamili familia ya marehemu mumewe ilikuwa na mkutano wa simu, na ajenda ya mkutano huo ilikuwa yeye.

Mumewe, Hamdani, alikuwa seremala. Siku moja, akiwa mzima kama kigogo cha mvule, alivuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu, upande wa Kongo, kumtembelea mdogo wake Twahiru. Alirudi jioni ameshika tumbo. Kwa wiki tatu aliliwa na maradhi yasiyo na jina hadi akabaki mifupa, na Ijumaa moja asubuhi akakata roho. Hospitali hawakuona kitu. Watu wa pande zile wakiona kifo cha namna hiyo hutaja neno moja tu, sumu, tena hulitaja kwa kunong'ona. Ndiyo maana kwao mgeni hafunguliwi soda jikoni. Inaletwa na kizibo chake, inafunguliwa mbele ya macho yake, na anayevunja mwiko huo amejichafulia jina mwenyewe.

Sasa huyo huyo Twahiru, aliyempokea marehemu na kumkirimu, alikuwa amewazungukia ndugu wote akidai kwamba ameenda kwa mganga na mganga amemwona muuaji. Eti ni Zulaikha. Eti mwanamke aliyesilimu kwa ajili ya ndoa, mama yake mtu wa vilima vya Mibirizi, hakuiacha mizizi ya kwao. Atolewe ndani ya nyumba, na Mutoni abaki kwa baba zake wadogo. Na wakati aliuchagua vizuri, mwanahizaya yule. Zulaikha alikuwa edani. Mjane wa eda havuki daraja, wala hasimami mbele ya baraza la wanaume kujitetea. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema Waswahili, na Twahiru alilitegemea hilo. Ni shangazi yao aliyeshikilia kwamba mashtaka yatasemwa kwenye simu, mshtakiwa akisikia.

Mikutano hiyo ya simu aliianzisha Hamdani mwenyewe. Ndugu walikuwa wametawanyika, Twahiru Bukavu, kitinda mimba Latifu Kigali, Shangazi Mwamini kule Bugarama, na hawakukutana ila kwenye misiba. Akapata huduma ya bure: unapiga namba, unabonyeza kode ya familia, unataja jina lako baada ya mlio, na wote mnajikuta hewani pamoja. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima ubao mara tatu kabla ya kuukata, aliweka masharti, akawasomea kila mwezi hadi wakayachoka. Kaa mahali patulivu, si sokoni. Taja jina lako kabla ya kusema, maana sauti za ndugu hufanana. Kama husemi, funga mikro, hatukuja kusikiliza kuku wako. Usituache ukapokea simu nyingine, ule muziki wako wa kusubiri utatupigia kelele sote masikioni.

Na lililo kubwa kuliko yote: mwenye mkutano lazima awepo. Bila yeye huduma haifunguki, na ninyi wengine mtasikiliza muziki mpaka mchoke. Mwenye mkutano alikuwa yeye. Alikuwa na kode yake ya siri ambayo hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe, na kode hiyo ndiyo iliyompa mamlaka ya kumfungia mtu mikro au kumtoa nje kabisa.

Alikufa nayo. Na wale ndugu zake, kwa mazoea tu, saa tisa kila mmoja alipiga namba ile ile na kubonyeza kode ile ile, kama wanaobisha mlango ambao mwenye ufunguo wameshamfukia. Hakuna hata mmoja aliyelikumbuka jambo hilo.

Zulaikha alilikumbuka, ila alikuwa ameshataja jina lake. Akangoja muziki. Tena aliutamani. Wangoje, alisema moyoni, wangoje hadi masikio yaote kutu.

Muziki haukupigwa.

"Karibu," ilisema sauti ya mashine kwa Kiswahili chake cha redioni. "Mwenye mkutano yuko kwenye laini. Mko watu watano."

Zulaikha alihesabu. Twahiru, Latifu, Shangazi Mwamini, na yeye. Wanne. Akahesabu tena kwa vidole, ikawa wanne vilevile.

"Latifu hapa," alinong'ona Latifu. "Nani alitufungulia?"

"Twahiru hapa. Si ni bibi yake Zulaikha? Yeye njo mwenye kuwa na telefone yake."

"Zulaikha hapa. Telefone yake iko ndani ya kabati, imezimika tangu siku alikufa. Weye njo uliiba kode, Twahiru. Haujatosheka?"

Kwenye laini kulikuwa na ukimya wa mtu wa tano, na ukimya huo haukuwa na kuku, wala gari, wala pumzi.

Twahiru akakohoa na kuanza. "Sitazungusha maneno. Ule mwanamuke alimukula Hamdani, yaya yangu mukubwa. Mufumu aliona yote. Atoke ndani ya nyumba ya batu mbele ya mwezi kuisha, na mutoto abakie kwetu."

"Mwamini hapa," alisema shangazi. "Twahiru, uogope Mungu. Mujane wa eda hafukuzwi ku nyumba ya bwana yake, ata kama—"

Sauti yake ilikatika ghafla.

Zulaikha hakungoja. Alikuwa ameyameza maneno hayo siku hamsini na nane na yalikuwa yamemvimba. "Zulaikha hapa. Bwana yangu siku ile alikunywa kwa nani? Useme, Twahiru, bote basikie. Alikunywa kwa—"

"Mwenye mkutano amekufungia mikro," ilisema mashine sikioni mwake, kwa adabu kabisa.

Alipiga kelele. Aliitukana ile simu, akamtukana Twahiru na kizazi chake chote, akabonyeza kila kitufe. Bure. Alikuwa anasikia lakini hasikiki. Hata hapo wamenifunga mdomo, alifikiri, na machozi ya hasira yakamtoka, kwani aliamini bado kwamba ni mkono wa Twahiru. Hakujua kwamba shangazi kule Bugarama na Latifu kule Kigali nao wanapiga kelele kwenye mikro zilizofungwa.

Aliyebaki na sauti alikuwa mmoja tu.

"Munaona?" alisema Twahiru. "Ananyamaza. Muntu mwenye haki hawezi nyamaza." Akangoja. "Shangazi? Latifu? Mbona bote munanyamaza?"

Kimya.

"Alo?"

Kimya.

"Nani huyu?"

Zulaikha alikaza simu sikioni. Hakusikia kitu. Lakini Twahiru alikuwa anasikia.

"Usinichezee. Latifu, njo weye?"

Kimya kirefu.

Kisha Twahiru akasema polepole sana, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa na mkubwa wake.

"Yaya?"

Nje, mafundi waliendelea kugonga mabati. Jua liliwaka vilevile.

"Hapana, yaya. Hapana. Si vile."

Kimya.

"Ndiyo. Jikoni."

Kimya.

"Ndiyo, ile soda niliifungulia jikoni. Ni miye mwenyewe. Bibi yangu hakujua."

Kimya.

"Ni juu ya nyumba ya Kamembe. Papa yetu alikuachia weye. Miye alinipa nini? Benye baliniuzia dawa baliniambia utagonjwa tu. Baliniambia hautakufa."

Zulaikha alitaka kukata, asiendelee kusikia. Alibonyeza kitufe chekundu. Hakikukata. Alibonyeza tena.

"Niko nalia, yaya. Unasikia niko nalia."

Kimya. Safari hii kilikuwa kifupi.

"Hapana. Usikuye huku kwangu."

Kitu kilianguka kule Bukavu, labda kiti.

"Yaya, usikuye huku. Yaya, nakuomba. Usi—"

"Twahiru," ilisema laini, kwa sauti ya Twahiru mwenyewe, ile iliyorekodiwa alipotaja jina lake wakati wa kuingia. Kisha mashine ikamalizia. "Ametolewa na mwenye mkutano. Mikro zenu zimefunguliwa."

Halafu kilio cha Shangazi Mwamini kikapasuka. "Zulaikha, mwana wangu," alisema, na safari hii hakutaja jina lake kwanza. "Utusamehe. Nyumba ni yako. Mutoto ni wako. Mwenye atakugusa atanipata miye." Akakata. Latifu alisema "Shemeji" mara mbili, naye akatoka.

"Mmebaki watu wawili," ilisema mashine.

Zulaikha alikuwa ameshinda. Jina lake limesafishwa, nyumba imebaki yake, binti yake hatanyang'anywa. Angepaswa kupiga goti ashukuru. Lakini alichokisikia kikipanda kifuani hakikuwa shukrani wala hofu. Ilikuwa hasira mpya, kubwa kuliko zote alizomwekea Twahiru.

"Hamdani," alinong'ona. "Njo weye?"

Kimya.

"Miye njo nilikulisha uji na kijiko. Miye njo nilikugeuza usiku na muchana, wiki tatu. Nilivaa kaniki, nikafungiwa ndani, nikaitwa mulozi na ndugu zako. Unasema na ule mwenye alikuua. Miye ata neno moja?"

Alingoja. Aliingoja pumzi, kikohozi, chochote. Laini ilikuwa wazi na tupu.

"Basi," alisema. "Kama hauna neno langu, ulale. Usinitafute tena."

Akabonyeza kitufe chekundu. Mara hii kilikata.

Mkewe ndiye aliyemkuta Twahiru ameketi sakafuni mgongo ukutani, simu bado imebanwa sikioni, mdomo wazi. Hakuwa na jeraha. Hadi leo hajasema neno. Ukimsemesha anatikisa kichwa taratibu, kama anayemjibu mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu ya kila aliyekuwa mkutanoni. Ilikuwa taarifa ya huduma: nani aliingia saa ngapi, nani alitoka saa ngapi. Zulaikha aliisoma akiwa amesimama jikoni, maziwa yakichemka mbele yake. Twahiru, Latifu, Mwamini, wote walikuwa na namba zao. Yeye alikuwa amekata saa tisa na dakika arobaini. Chini kabisa kulikuwa na mstari usio na namba ya simu.

Mwenye mkutano. Aliingia Ijumaa, saa kumi na dakika tano alasiri.

Aliitazama tarehe hadi maziwa yakafurika na kuuzima moto. Ilikuwa Ijumaa ya mazishi. Saa kumi na dakika tano wanaume walikuwa wakirudi kutoka makaburini, na majembe bado yana udongo mbichi. Siku hamsini na nane alikuwa humo peke yake akingoja mtu apige, na namba ya kupiga Zulaikha alikuwa nayo muda wote.

Ndipo akasoma saa ya kutoka. Hamdani alitoka saa tisa na dakika arobaini na nane. Alikuwa amekaa dakika nane zaidi, baada ya mkewe kukata.