Kibanda Kilichokosa Jina

Nyumba ya Gu Zhongfu pale Suzhou ilinuka wino mbichi tangu asubuhi, na hapakuwa na mtu aliyesaga wino.

Zhongfu alijua harufu inatoka wapi, ila alijitia hamnazo. Ukutani ilitundikwa picha ya milima, daraja na kibanda kitupu. Rafiki yake Qiao Yanzhi, ambaye sasa ni marehemu, alimchorea mwaka walioacha pamoja kazi za serikali, akaandika juu yake: “Kibanda hiki ni cha Zhongfu. Nakungoja.” Kwa wasomi, picha ya namna hiyo ndiyo urafiki wenyewe, na hakuna mwenye haya anayeigawa. Lakini Liwali aliitamani, na Zhongfu, aliyechoka kula uji na heshima, aliutaka tena ukubwa serikalini, akaahidi kumpa. Jana alichukua kisu akalikwangua jina lake, Liwali asije akapewa zawadi ya mtu mwingine.

“Baba Suqin,” mkewe alinong’ona mlangoni, “njoo umwone mtoto.”

Binti yao Suqin alikuwa amelala, mweupe kama karatasi.

“Analia miguu inamuuma kwa kupanda mlima,” mkewe alisema. “Na hajatoka kitandani!”

Zhongfu alikimbilia picha. Yanzhi hakuwahi kuchora mtu, alikuwa akisema nchi hii haina anayestahili, lakini sasa kwenye kijia cha mlimani palikuwa na msichana mdogo mwenye nywele za kusuka, na kila Zhongfu alipopepesa macho msichana alikuwa amesogea, akaufikia msonobari, akalikanyaga daraja, na chumbani pumzi za Suqin zikazidi kuwa fupi na harufu ya wino ikazidi kukaba koo.

Waliita mganga wa hekaluni. Akaitazama picha, akarudi nyuma.

“Humo mna jini. Lilikuwa linamngoja mwenyewe kwa adabu. Umefuta jina, sasa linachukua yeyote wa nyumba hii.”

“Niichome?”

“Na mwanao yumo ndani? Haya, choma!”

Zhongfu alilia waziwazi. Kisha alisaga wino, akamshika mkewe shavu, akaliandika jina lake pale pale alipolikwangua.

Brashi ilianguka sakafuni. Hapakuwa na mtu aliyeishika.

“Mama, nina njaa,” Suqin aliita kutoka chumbani.

Njia ya mlimani ilikuwa tupu. Kibandani alikaa mwanamume, amewapa mgongo.

Mkewe alikuwa bado amepiga magoti mbele ya picha, hajui amshukuru nani, wakati watumishi wa Liwali walipoingia bila hodi. Waliitungua picha, wakaanza kuikunja, wakamsukuma pembeni.

“Niachieni, nawaomba! Mume wangu yumo!”

“Mama huyu kachanganyikiwa,” mkubwa wao alicheka, akiichungulia. “Picha nzuri. Hilo jina tu ndilo linaiharibu. Tukifika tutalikwangua lote.” Akaanza kulikwaruza kwa ukucha.

Chumbani, Suqin alianza kulalamika kwamba miguu inamuuma.