Sauti ya Nje ya Miwani

Kila siku kabla ya kipindi cha sayansi, Nukta alikuwa na kazi ya dakika kumi. Alifungua kabati la chuma katika chumba cha kompyuta, akatoa miwani nyeusi yenye mkanda mpana, akafuta lenzi zake mbili kwa kitambaa laini. Kisha alifuta sponji inayogusa uso kwa pamba yenye spiriti, maana nusu ya darasa walikuwa na mafua. Mwisho aliweka kiti cha mbao katikati ya chumba, juu ya alama iliyochorwa kwa chaki. Mwalimu wa Sayansi alimpa kazi hiyo kwa sababu hakuwahi kuvunja kitu, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa na neno juu ya hilo isipokuwa Mlingoti.

Mlingoti alikuwa msichana mrefu kuliko wote darasani, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko yeye. Ndiye aliyempachika mwenzake jina la Nukta. Siku mwalimu alipokuwa akihesabu wanafunzi, Mlingoti aliuliza kwa sauti ya upole, "Mwalimu, na huyu mdogo hapa mbele tumhesabu mtu, au ni nukta tu?" Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Kufikia mwisho wa wiki hata mpishi wa shule alikuwa akimwita hivyo. Nukta alilipiza kwa kumwita mwenzake Mlingoti, lakini yule akalipenda jina lake, akawa anatembea kifua mbele. Hilo ndilo lililomkata Nukta maini kuliko tusi lenyewe.

Tangu hapo damu zao hazikupatana. Mmoja akijibu swali, mwingine anaguna. Mmoja akikaa, mwingine anahama dawati.

Miwani ile ilikuwa ya uhalisia pepe, yaani ile inayomfanya mtu aone na kusikia mahali asipokuwepo. Siku ilipoletwa, Mwalimu wa Sayansi aliishika juu na kuuliza, "Nani anaikumbuka milango ya fahamu?"

"Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi," darasa lilijibu.

"Pua na ulimi miwani hii haiviwezi. Macho inayaweza sana. Kila jicho linaonyeshwa picha yake, na picha hizo zinatofautiana kidogo. Ubongo unaziunganisha, unaona hiki kiko karibu, kile kiko mbali. Ukigeuza kichwa, picha inageuka nawe, na sauti pia inahama kutoka sikio hili kwenda lile. Vishikio vya mkononi vinatetemeka, ngozi nayo inadhani imegusa kitu. Milango mingi ikileta habari moja, ubongo hauna wa kumuuliza. Unaamini."

"Sasa mbona watu wanasikia kizunguzungu?" aliuliza Mlingoti.

"Kwa sababu kuna shahidi mmoja anayekataa. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye maji. Ukisogea, maji yanasogea, ubongo unajua. Macho yakisema unaanguka, na yale maji yakisema umetulia, mwili unachanganyikiwa. Wengine hutapika, wengine huyumba. Ndiyo maana hapa kila mtu ataivaa akiwa amekaa. Atakayesimama, asiniombe zamu tena."

Nukta aliyaandika maneno yote yale. Aliyaandika vizuri mno.

Siku ya mkasa ilianza vibaya. Nukta alipokuwa akipita kwenye korido na kitambaa chake na pamba, Mlingoti aliwasukuma wenzake pembeni kwa adabu ya kujifanya. "Mpisheni mfanya usafi wetu," alisema. "Asije akatufuta na sisi." Wote walicheka. Nukta alicheka pia, kicheko cha kuficha uso, akaingia chumbani na kufunga mlango. Alifuta lenzi mara tatu.

Kipindi kilipoanza, wanafunzi walikaa koridoni kwenye mabenchi wakiandika zoezi, na kila mmoja akawa anaingia kwa zamu. Zamu ya nne ilipokwisha, mwalimu aliitwa na Mwalimu Mkuu. "Endelea nao," alimwambia Nukta. "Programu ya samaki tu. Wakae kitini. Ukiona jambo hulielewi, zima."

Aliyefuata alikuwa Mlingoti.

Aliingia, akamtazama Nukta toka juu hadi chini. "Haya, nivishe."

Mpaka dakika ile Nukta hakuwa amepanga lolote, angalau hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye. Lakini macho yake yaliuona ubao wa rafu iliyovunjika, ulioegemezwa ukutani, na feni iliyokuwa imezimwa. Akakumbuka: milango mingi ikileta habari moja, ubongo unaamini.

"Ya leo unaanza kwa kusimama," alisema.

"Si alisema tukae?"

"Amebadilisha. Kiti kiko nyuma yako. Ukichoka, unakaa."

Mlingoti aligeuka akakiona kiti pale kilipo, akaridhika. Nukta alimvisha miwani, akakaza mkanda, akaongeza sauti. Alilaza ubao sakafuni na kumwelekeza aupande. Kwenye kompyuta aliiacha programu ya samaki, akafungua ile ya ghorofa, ambayo mwalimu alikuwa amekataza. Halafu akawasha feni, akaielekeza usoni kwa Mlingoti.

Sasa Mlingoti alikuwa amesimama kwenye ubao mwembamba uliotokeza nje ya paa la jengo refu. Chini kabisa magari yalikuwa madogo kama viberiti. Upepo ulimvumia masikioni, na upepo ukampiga usoni. Nyayo zake ziligusa kingo za ubao. Kila mlango wa fahamu ulimletea habari ileile.

Magoti yake yalianza kucheza. Nukta aliyatazama magoti yale, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze alijisikia mrefu.

Kisha alikinyanyua kiti kwa mikono miwili, polepole, akakipeleka hadi ukutani.

"Nataka kukaa," alisema Mlingoti. Sauti yake haikuwa ile ya koridoni. "Sioni kiti. Kiti kiko wapi?"

"Kiko palepale nyuma yako," alisema Nukta. "Kaa tu."

Mlingoti akakaa hewani.

Aliangukia mgongo, na mkono aliounyoosha ili ajizuie ukapinda chini yake. Ulitoa sauti ndogo, kama kijiti kikavu. Hakupiga kelele. Alibaki sakafuni na miwani usoni, akihema, labda akidhani bado anaanguka.

Hapo Nukta alifanya jambo la pili, na hili halikuwa na hasira ndani yake. Alizima feni. Alisukuma ubao chini ya meza kwa mguu. Akairudisha programu ya samaki, akakirudisha kiti kwenye alama ya chaki. Ndipo akamvua mwenzake miwani na kwenda mlangoni kuita watu.

"Hakikuwepo," Mlingoti alimwambia mwalimu, uso umempauka. "Kiti hakikuwepo. Yeye alisema kipo. Na ile ilikuwa ghorofa, si samaki."

Mwalimu aliangalia kiti. Kilikuwa katikati ya alama, na kwenye kompyuta samaki walikuwa wakiogelea. "Alisimama mwenyewe," alisema Nukta. "Nilimkataza."

Mlingoti alikuwa na sifa ya kutania na kutia chumvi, na Nukta alikuwa na sifa ya kutovunja kitu. Hakuna aliyehitaji ushahidi zaidi.

Mlingoti alirudi shuleni baada ya siku mbili, mkono ukiwa ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko. Hakupewa pole na mtu. Mwalimu Mkuu alikuwa ameifungia miwani ofisini kwake, akasema itarudishwa ilikotoka mwisho wa mwezi. Na darasa lilikuwa limeshaamua nani wa kulaumiwa.

"Ungekaa tu kitini kama binadamu," mmoja alimwambia.

"Na bado unamsingizia mwenzako," alisema mwingine. Mtu aliandika MWONGO kwa chaki kwenye dawati lake. Mlingoti alilifuta neno lile kwa mkono wa kushoto. Siku iliyofuata likawa limeandikwa tena.

Nukta alikuwa amengoja muda mrefu kuona hivyo. Aliona, na chakula kikamshinda. Wenzake walimkaribia sasa, wakamwita shujaa, na kila walipomsifu alitamani wanyamaze.

Alhamisi ikatangazwa kwamba kesho yake Mlingoti atasimama mstarini mbele ya shule nzima, aombe radhi kwa kuvunja kanuni na kwa kusema uongo. Akikataa, atakaa nyumbani wiki mbili.

Alasiri ile Nukta alimkuta mama yake uani, anasuuza brashi kwenye ndoo. Mama alikuwa fundi rangi wa majengo. Siku nyingi alirudi na madoadoa hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja kama umefiwa?"

Nukta alieleza. Alianza na jina la Nukta, akapitia kila kejeli ya koridoni, na alipofika kwenye kiti alikuwa anaongea kwa haraka ili apite. Mama aliacha kusuuza.

"Rudia hapo. Aliuliza kiti kiko wapi, ukamjibu nini?"

"Kwamba kipo."

Mama hakumkumbatia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama kama mtu anayeangalia ukuta uliochubuka.

"Mimi nikiwa juu ya ngazi nimeelekea ukutani, sioni chini. Msaidizi wangu ndiye macho yangu ya chini. Akisema shuka, ngazi imekaa sawa, nashuka. Simwulizi mara mbili. Siku akinidanganya, nitauguzwa na nani, wewe?" Alijifuta rangi mikononi. "Huyo binti ana mdomo mchafu. Nimesikia. Lakini alikupa macho yake na masikio yake, akabakiwa na sauti yako tu. Na hiyo ukaitumia kumwangusha."

"Nifanye nini, mama?"

"Unajua. Ungekuwa hujui, usingekosa kula siku hizi zote. Na mimi siendi nawe. Hukunishirikisha wakati wa kukiondoa kiti."

Ijumaa, kabla ya kengele, Nukta aligonga mlango wa ofisi ya Mwalimu Mkuu. Ndani walikuwemo Mwalimu wa Sayansi, Mlingoti na baba yake, dereva wa lori, aliyekuwa ameshika karatasi ya maneno ambayo binti yake alipaswa kuyasoma.

"Subiri nje," alisema Mwalimu Mkuu.

"Siwezi kusubiri, mwalimu. Nikisubiri sitasema." Akasema. Alisema kuhusu ubao, feni, ghorofa, na kiti. Alisema kwamba alikirudisha kiti kabla ya kuita msaada.

Baba yake Mlingoti aliikunja ile karatasi mara mbili, akatazama sakafu. "Siku nne," alimwambia binti yake. "Siku nne nakuita mwongo ndani ya nyumba yangu." Sauti ilimkatika. Alimgusa begani, mahali ambapo hapakuwa na plasta.

Mlingoti hakulia. Alimkazia Nukta macho makavu. "Nilidhani umefurahi," alisema.

"Nilifurahi," alisema Nukta. "Kwa dakika moja hivi. Naomba unisamehe."

"Sikusamehe."

Aliyesimama mstarini asubuhi ile alikuwa Nukta. Alisoma maneno yake mwenyewe, na shule ilimsikiliza bila huruma. Alinyang'anywa ufunguo wa kabati. Kwa mwezi mzima alifagia chumba cha kompyuta bila ruhusa ya kugusa chochote. Waliomwita shujaa walihama benchi. Neno la chaki likahamia kwenye dawati lake, na yeye akalifuta bila kumwuliza mtu. Aliona kwamba ni halali yake, lakini hilo halikufanya siku ziwe fupi.

Kwa vile ukweli ulikuwa umejulikana, Mwalimu Mkuu hakuirudisha miwani ilikotoka. Iliporuhusiwa tena, kulikuwa na utaratibu mpya: mwalimu hatoki chumbani, na kila anayevaa anachagua mwenzake mmoja wa kusimama kando yake na kumwelekeza hadi akae kitini. Mlingoti, plasta ikiwa imetolewa siku tatu tu zilizopita, alipewa zamu ya kwanza.

"Unamtaka nani?" aliuliza mwalimu.

Mlingoti alizungusha macho darasani, akipita juu ya wale wote walioandika kwenye dawati lake. "Nukta."

Minong'ono ikaanza. "Si kwamba nimemsamehe," alisema. "Ila huyu anajua ilivyo. Ninyi hamjui."

Nukta alikwenda mbele. Mlingoti alivaa miwani, akasimama. Hakuona darasa wala mwalimu wala mlango.

"Kiti?"

"Kiko nyuma yako, hatua moja. Nimekishika kwa mikono miwili."

Mlingoti alipeleka mkono wake uliopona nyuma, taratibu, akapapasa hadi akaigusa mbao. Akapapasa pia vidole vya Nukta vilivyoishika. Ndipo akakaa.

Mwalimu wa Sayansi aliwageukia wanafunzi. "Miwani hii inadanganya macho, na kila anayeivaa anajua hivyo. Amekubali, na ataivua akitaka. Hilo halimdhuru mtu. Uongo unaoumiza ni ule wa mtu uliyemwamini, kwa sababu huo huna namna ya kuuvua. Na wewe uliyeudhiwa, una haki ya kukasirika, una haki ya kuja kwangu kushtaki. Huna haki ya kumfanya mwenzako asijue alipo. Andikeni hayo."

Wakaandika. Kitini, Mlingoti aliinua uso kama mtu aliyeko chini ya maji. "Samaki wengi," alisema, bila kumwambia mtu fulani.

Nukta hakukiachia kiti hadi zamu ilipokwisha.